Springboks dhidi ya All Blacks: shabiki ajiandaeje?

Usiku wa Oktoba 28, 2023, saa 4 kwa saa za Afrika Mashariki, fainali ya Kombe la Dunia la raga ilianza Stade de France, nje kidogo ya Paris. Ilipomalizika, Afrika Kusini (Springboks) ilikuwa na pointi 12, New Zealand (All Blacks) 11. Shabiki wa kawaida akiulizwa mechi ile iliamuliwa na nini, atataja kadi nyekundu ya nahodha wa New Zealand, Sam Cane, ya kwanza kutolewa katika fainali ya Kombe la Dunia la wanaume. Hajakosea, ila hajamaliza. Springboks hawakupata hata pointi moja kipindi cha pili. Zote 12 zilitoka katika mikwaju minne ya penalti ya Handré Pollard kabla ya mapumziko. All Blacks, wakiwa pungufu, ndio walioandika trai ya pekee ya mchezo kupitia Beauden Barrett dakika ya 58. Richie Mo'unga akasimama kupiga mkwaju wa nyongeza wenye pointi mbili, akaukosa. Zikiwa zimesalia dakika chache, Jordie Barrett akapiga penalti ya mbali, naye akaikosa.

Kwenye baa nyingi, dakika ile ya Mo'unga ndiyo watu waliyoitumia kuagiza kinywaji.

Pambano la timu hizi mara nyingi huamuliwa na kitu kidogo cha namna hiyo. Fainali ya 1995 iliisha 15-12 baada ya muda wa ziada. Nusu fainali ya 2015 iliisha 20-18. Mechi ya Cape Town ya Septemba 2024 iliisha 18-12. Kwa hiyo shabiki anayezihesabu siku kuelekea pambano lijalo ana kazi zaidi ya kutafuta jezi na kiti. Akijua mapema pa kuangalia, ataliona pambano lote. Asipojua, ataona trai na kadi tu. Na nafasi ya kujiandaa ipo: kwa ratiba iliyotangazwa, All Blacks watazuru Afrika Kusini Agosti na Septemba 2026 na kucheza na Springboks mara nne, Ellis Park jijini Johannesburg Agosti 22, Cape Town Agosti 29, Soweto Septemba 5, kisha Baltimore, Marekani, Septemba 12.

Kwanza, saa na kiti

Jambo dogo linaloharibu Jumamosi za wengi ni saa. Mechi za Ellis Park na Cape Town mwaka 2024 zilianza saa 11 jioni kwa saa za Afrika Kusini. Kwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam hiyo ni saa 12 jioni. Kwa Lubumbashi, Kigali na Bujumbura saa hazitofautiani na za Johannesburg. Kwa Muscat ni saa 1 usiku. Mechi ikichezwa New Zealand mambo hugeuka kabisa. Pambano la Eden Park la Septemba 2025 lilianza saa 1 na dakika 5 usiku kule Auckland, huku kwetu ikiwa saa 4 na dakika 5 asubuhi. Baa nyingi saa hiyo bado zinapigwa deki.

Jioni nako kuna mtego wake. Mwezi Agosti Ligi Kuu ya Uingereza huwa imeshaanza, na mechi zake za Jumamosi za saa 11 jioni huisha karibu saa 1. Raga ikianza saa 12, inagongana na kipindi cha pili cha soka. Dar es Salaam, mwenye kibanda umiza hatabadilisha chaneli kwa ajili ya mtu mmoja aliyevaa jezi ya kijani. Shabiki azungumze naye katikati ya wiki, aulize kama kuna skrini ya pili, na ikiwezekana aende na wenzake watano au sita, maana mwenye biashara husikiliza idadi ya chupa na sahani. Nairobi tatizo hilo ni dogo zaidi kwa kuwa raga ina wafuasi wake wa siku nyingi, lakini meza za mbele huwahiwa.

Anayetazama nyumbani ahakikishe mambo matatu kabla ya Jumamosi: kifurushi alicholipia kina chaneli ya SuperSport itakayoonyesha mechi, umeme umenunuliwa wa kutosha, na simu ina bando la akiba endapo king'amuzi kitagoma. Ajaribu kila kitu Ijumaa jioni, si dakika tano kabla ya mchezo.

Historia inayotuhusu

Timu hizi zilikutana mara ya kwanza Dunedin, Agosti 13, 1921, New Zealand ikashinda 13-5. Tangu hapo zimekuwa watani wa jadi. Lakini kwa miongo mingi utani huo ulikuwa umebeba sumu ya ubaguzi, na sumu hiyo ilifika mpaka Afrika Mashariki.

Mwaka 1960 New Zealand ilikwenda Afrika Kusini bila mchezaji hata mmoja wa Kimaori, ili kuwaridhisha makaburu. Mwaka 1976 All Blacks walikwenda tena, wiki chache tu baada ya watoto wa shule kupigwa risasi Soweto. Nchi za Afrika zikadai New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki ya Montreal. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilipokataa, nchi zaidi ya 20 zikasusia, Tanzania na Kenya zikiwemo. Mtanzania Filbert Bayi alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akimwacha nyuma kidogo John Walker, mwenyeji. Dunia ya riadha ilikuwa inangoja wakutane tena Montreal. Hawakukutana, Walker alichukua dhahabu bila Bayi kuwepo. Anayedhani raga ya nchi hizo mbili haimhusu Mtanzania, aanzie hapo.

Mwaka 1981 Springboks walipozuru New Zealand, wananchi wa kule waligawanyika. Waandamanaji waliingia uwanjani Hamilton na mechi ikafutwa. Katika mechi ya mwisho, Eden Park, ndege ndogo iliruka chini juu ya vichwa vya wachezaji ikiangusha mifuko ya unga. Miaka 14 baadaye, Juni 24, 1995, Nelson Mandela aliingia Ellis Park akiwa amevaa jezi namba 6 ya nahodha François Pienaar, na Joel Stransky akaiangusha New Zealand kwa mkwaju wa kudondosha katika muda wa ziada. Siya Kolisi alikuja kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa Springboks katika mechi ya kimataifa, mwaka 2018, na amelinyanyua Kombe la Dunia mara mbili.

Historia hii inafaa isimuliwe siku ya mechi, nusu saa kabla, hasa kwa wageni wanaouliza kwa nini wapo wazee wa Cape Town wanaoishangilia New Zealand mpaka leo. Wakati wa ubaguzi wa rangi, wengi waliobaguliwa waliiona Springboks kama timu ya makaburu, wakaamua kumshangilia mpinzani wake. Baadhi hawakubadilika hata baada ya mwaka 1994. Shabiki akiwakuta, asiwaite wasaliti.

Kuisoma orodha ya wachezaji

Majina hutangazwa siku chache kabla ya mechi, na hapo ndipo shabiki makini anapoanza mchezo wake. Kila timu ina wachezaji 23: wanaoanza 15 na wa akiba 8. Wengi husoma 15 tu. Kwa Springboks, wanane wale wengine ndio habari yenyewe.

Kwa kawaida benchi huwa na wachezaji watano wa mbele, yaani wale wazito wa skramu, na watatu wa nyuma. Kocha Rassie Erasmus na wenzake waliizoesha dunia mgawanyo wa sita kwa wawili. Agosti 2023, Twickenham, wakaenda mbali zaidi kwa saba kwa mmoja, na All Blacks wakalala 35-7. Katika fainali ya Paris wakarudia saba kwa mmoja. Hesabu yake ni rahisi: kipindi cha pili, mpinzani akiwa hoi, wanaingia majitu wengine karibu wote kwa pamoja na skramu inaanza upya kana kwamba ndiyo kwanza mechi imeanza.

Mpango huo una hatari zake, na fainali ilizionyesha mapema. Bongi Mbonambi, namba 2, aliumia goti dakika za mwanzo kabisa. Deon Fourie, ambaye kwa kawaida hucheza pembeni mwa skramu, ikabidi aicheze nafasi hiyo karibu mechi nzima. Namba 2 ndiye hurusha mpira wa lainauti, yaani ule unaorudishwa mchezoni kutoka nje ya mstari wa pembeni, na mirusho ya Springboks ikayumba usiku ule. Kwa hiyo orodha ikitoka, shabiki ajiulize maswali mawili: namba 2 wa akiba ni nani, na nani atapiga mikwaju kama namba 10 akiumia?

Macho yawe wapi

Anayetoka kwenye soka hufuata mpira. Katika raga mpira mara nyingi umefukiwa chini ya watu, na mambo yanayoamua hufanyika pembeni yake.

Skramu ya kwanza isimpite. Namba 1 na namba 3 wa kila upande wanapimana nguvu, na refa naye anajenga picha ya nani mkubwa. Upande ukisukumwa nyuma mara mbili, penalti zitafuata, na kila penalti ni pointi tatu zinazonukia au mita 40 za uwanja. Lainauti nayo itazamwe kwa kuhesabu: timu imerusha mara ngapi, imepoteza mara ngapi. Kwenye fainali ya 2023, Aaron Smith aliandika trai ikafutwa kwa sababu, hatua kadhaa nyuma, mpira ulikuwa umeangushwa mbele kwenye lainauti. Aliyekuwa ameshaanza kuruka alilazimika kuketi.

Mikwaju ya juu inayowaudhi wageni ina maana yake pia. Timu haipigi mpira angani kwa kukosa la kufanya. Inataka mpinzani audake akiwa amesongwa, audondoshe, na skramu ipatikane mbele zaidi. Shabiki aangalie anayekimbilia mpira, si mpira wenyewe.

Kuhusu kadi, mabishano yatakuwepo, basi afadhali mtu awe na hoja. Refa huanza kwa kuuliza kama kichwa kiligongwa na kwa nguvu kiasi gani. Nia ya mchezaji haitangulii. Kadi ya Cane ilianza ikiwa ya njano, maofisa wa video wakaikagua wakati yeye yuko nje, ikageuka nyekundu. Kolisi naye alipewa ya njano katika mechi hiyohiyo, ikakaguliwa, ikabaki ya njano, na mjadala haujaisha mpaka leo. Katika mashindano ya Rugby Championship ya 2024 na 2025 ilitumika kanuni inayoruhusu timu kumwingiza mtu mwingine dakika 20 baada ya kadi nyekundu. Shabiki ahakikishe kabla ya mechi ni kanuni ipi itatumika, ili asipigie kelele televisheni bure mchezaji wa 15 akiingia.

Na haka, ngoma ya Kimaori ambayo All Blacks huicheza kabla ya mechi, isikosekane. Wageni wafike robo saa kabla, simu ziwekwe chini. Ka Mate, mojawapo ya haka zao, inahusishwa na Te Rauparaha, kiongozi wa Kimaori wa karne ya 19. Kapa o Pango ni ya juzi: ilichezwa kwa mara ya kwanza Dunedin mwaka 2005, na waliokuwa wamesimama mbele yake ni Springboks. Agosti 2024 pale Ellis Park, ndege iliyopita juu na kelele za uwanjani ziliivuruga haka, na chama cha raga cha Afrika Kusini kikaomba radhi. Sebuleni, kunyamaza dakika moja na nusu hakumgharimu mtu kitu.

Uwanja na mkeka

Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Nairobi. Aliyewahi kutoka Mombasa akakimbia mbio Nairobi siku ya pili anajua mapafu yanavyolalamika. Mpira huenda mbali zaidi katika hewa nyepesi, na wageni huishiwa pumzi mwishoni. Mwaka 2024 Ellis Park, New Zealand iliongoza 27-17 kuelekea robo ya mwisho ya mchezo. Kwagga Smith na Grant Williams wakaandika trai, ikaisha 31-27. Cape Town ni habari nyingine: iko pwani, na Agosti ni majira ya mvua. Mpira uliolowa huwapendelea wenye skramu na mikwaju.

Eden Park, nao All Blacks wana ngome yao. Hawajafungwa pale tangu Ufaransa iwafunge Julai 1994, na Springboks mara ya mwisho kushinda uwanjani hapo ilikuwa 1937. Septemba 6, 2025 walijaribu tena, wakalala 24-17.

Wanaopenda kubeti wasome kilichofuata. Siku saba baadaye, Wellington, timu zilezile, All Blacks waliongoza 10-7 mpaka mapumziko, halafu Springboks wakaandika pointi 36 bila jibu. Matokeo yakawa 43-10, kipigo kikubwa kuliko vyote katika historia ya New Zealand. Mikeka mingi iliyosukwa kwa kuangalia Jumamosi iliyopita ilichanika. Hali ilikuwa hiyohiyo 2023: kutoka 35-7 ya Agosti hadi 12-11 ya Oktoba. Kodi ya nyumba na ada ya mtoto visiingie kwenye utabiri wa namna hii.

Kwa anayefunga safari

Wakenya wanaingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka, tangu Januari 2023. Raia wa nchi nyingine wathibitishe kwa ubalozi mapema. Anayetoka Kenya au Uganda abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari. Agosti ni baridi kwao, na Johannesburg jua likizama baridi hushuka haraka, hivyo jezi pekee haitoshi. Tiketi zinunuliwe kwa wauzaji rasmi tu. Usafiri wa kurudi upangwe kabla ya kwenda, kwa kuwa maelfu watatoka geti moja kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, asitoke mapema kukwepa msongamano. Agosti 2010, Soweto, mbele ya watu zaidi ya 90,000, Springboks waliongoza 22-17 zikiwa zimesalia dakika mbili hivi. Richie McCaw akasawazisha kwa trai, Israel Dagg akamalizia, New Zealand ikaondoka na ushindi wa 29-22. Waliowahi magari yao wakasikia matokeo redioni.

Ambaye hana nauli ya Johannesburg ana dawa ya karibu. Wikiendi moja au mbili kabla ya pambano, aende kwenye mechi ya raga uwanjani Ngong Road jijini Nairobi, au Kyadondo kule Kampala. Akae karibu na mstari, asikie skramu inavyogongana na refa anavyowaonya wachezaji. Kenya na Uganda zina utani wao wa raga, Kombe la Elgon, lililopewa jina la mlima uliokaa mpakani, na mechi hizo ni shule nzuri ya jicho kuliko video za mtandaoni.

Ibaki Baltimore. Septemba Marekani ya mashariki iko nyuma ya Nairobi kwa saa saba. Mechi ikianza saa 11 jioni kule, hapa ni saa 6 usiku, na itaisha karibu saa 8 usiku wa kuamkia Jumapili. Shabiki atazame saa rasmi itakapothibitishwa, alale mchana wa Jumamosi, awatahadharishe majirani kuhusu kelele, na kama ana zamu ya Jumapili asubuhi, aibadilishane na mwenzake wiki moja kabla, akimwambia ukweli kuhusu sababu.